Simu Inayokaa Mezani

...na sasa amekuja tena, Bi Kwa Nini, mjaribu programu, mwanamke asiyejua kunong'ona, amesimama nyuma ya kiti cha fundi aliyeiandika programu wakati kitufe cha kuitoa iende kwa wagonjwa wa kliniki kiko pale kwenye skrini, kinasubiri kidole tu, na meneja anachungulia mlangoni, Bi Kwa Nini anauliza, "Mwenzangu, nijibu, ujumbe huu ukiingia, simu iko mkononi mwa nani?", mkononi mwa mgonjwa, nani tena, alitaka kumjibu hivyo, kwa ukali, maana wiki nzima maswali haya yamemtoa jasho, lakini ndio utaratibu wa ofisi yao, kabla programu haijatoka lazima mmoja wao akae upande wa yule anayeweza kuumia, na zamu hii imemwangukia huyu, naye kaivalia njuga utadhani analipwa kwa swali... ujumbe wenyewe mfupi, una adabu, kliniki inakukumbusha kuchukua dawa zako za virusi kesho asubuhi, kauandika yeye mwenyewe, akaupenda, ubaya uko wapi... "Nyumba nyingine simu hukaa mezani," Bi Kwa Nini anasema, "anayepita anasoma," mezani... meza ya dada yake, simu moja ya nyumba nzima, shemeji akiidaka kabla haijamaliza kulia, dada akimenya viazi huku jicho liko kwa shemeji, dada, mgonjwa wa kliniki hiyohiyo, aliyemwambia yeye peke yake, "Mdogo wangu, huyu akijua, mimi na wanangu tutalala nje," na yeye, mdogo mtu, fundi wa kompyuta wa ukoo, akaketi akaandika maneno yale bila kumwona dada hata kidogo, aliona mgonjwa tu, mtu mwenye simu yake na chumba chake, jamani, na kidole kilikuwa karibu kushuka... ee Mungu asante, asante kwa mdomo wa mwanamke huyu ambao asubuhi alikuwa anauombea uvimbe... "Au nimekuudhi?" hapana, hajaudhika, anataka kumkumbatia na hajui aanzie wapi, siri si yake, meneja anakohoa, kitufe kipo vilevile, leo haitoki, atasema hivyo, hata wakinuna, ujumbe utasema una miadi kesho, basi, bila dawa, bila kliniki, na dada ataamka kwake, atachemsha chai, atagombana na watoto, asijue kabisa kwamba kuna mwanamke mmoja, asiyemfahamu hata kwa sura, aliyempigania.