Divai Iliyolala

Mkimbizi aliinyanyua ile chupa kwa mikono miwili, kama padri, akaielekeza mlangoni ambako jua la alasiri lilikuwa likiingia kutoka upande wa ziwa. Hakuitikisa. Nilipoona hakuitikisa, nilielewa. Safari hii shemeji yangu Feliksi alikuwa ameleta mtu anayejua.

"Haya, sema," Feliksi alimwambia. "Imeiva, haijaiva?"

 Mkimbizi aliinamisha shingo ya chupa kidogo kidogo, amefumba jicho moja. Mzee Nikodemu, mkubwa wa ukoo wa marehemu mume wangu, alikuwa amekalia kiti changu pekee chenye mgongo, fimbo katikati ya magoti. Mimi nilisimama karibu na kabati, rozari mfukoni, nikisali bila kufungua mdomo. Kwangu mimi kilichokuwa ndani ya chupa ile hakikuwa kinywaji. Kilikuwa nyumba yangu ya Katubuka, na kitanda changu, na mimi mwenyewe.

Mume wangu Pastory alimpikia Mgiriki mmoja aliyekuwa na maghala kule bandarini. Mgiriki alipofunga safari ya kurudi kwao, alimwachia koti, sufuria na chupa hiyo moja ya divai nyekundu. Alimwambia asiifungue, bado mtoto. Pastory akailaza ubavu katika sanduku la mchanga chini ya kitanda chetu, ili kizibo kisikauke, na mara mojamoja aliitoa akanifundisha kuitazama.

"Usitazame katikati, Eufrasia. Katikati ni giza siku zote. Tazama pembeni, pale inapokuwa nyembamba. Ukiona zambarau, ni mtoto. Ukiona rangi ya mawese mapya, imefika, hapo inataka kunywewa. Ikigeuka chai yote, imekufa, usijisumbue."

Alisema tutainywa sisi wawili, uzeeni. Homa ikamchukua kabla ya uzee, ukingo wa divai ukiwa bado zambarau.

Katika ukoo wake, siku ya kuondoa matanga huwekwa uani chungu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Mjane akiinama kunywa pamoja na ndugu wa marehemu, amemkubali awe mume. Hakuna maneno mengine. Feliksi alikuwa na mke kijijini Ilagala, mke wa pete ya kanisani, na mitumbwi yake, na tumbo la kutosha. Alishika mrija wake huku akitazama mabati ya paa langu.

"Mimi sinywi," nilisema.

"Kwa nini? Pombe yetu inanuka?"

"Una mke, shemeji. Nilimsimamia mimi siku ya ndoa."

Wanawake waliguna. Feliksi akacheka ili wengine wacheke. Siku ya mazishi alikuwa ameingia chumbani kwangu kupekua, akaliona lile sanduku. "Kumbe mama mkubwa anangoja ya Wazungu. Basi, tutakunywa ile ya kaka. Ilete."

"Haijaiva," nilisema, na ilikuwa kweli.

"Itaiva." Akawageukia wazee, kifua mbele. "Naapa hapa. Siku divai ya kaka itakapoiva, nitainywa na huyu mwanamke, na siku hiyohiyo nitahamia. Kabla ya hapo sivuki kizingiti cha chumba chake."

Alidhani ni kama ya ndizi. Ya ndizi unazika ndizi, unakamua, unaifunika, na siku chache tu povu limepanda. Mzee Nikodemu alimgeukia.

"Umesema siku ikiiva?"

"Ikiiva."

"Neno limepokelewa. Na desturi unaijua, pombe iliyolala, ikapita siku yake, haifungi neno; kiapo hufa nayo."

"Mzee, mimi niache pombe ilale? Mimi?" Uani kote wakacheka.

Wiki ya pili alirudi na godoro kwenye baiskeli. Nikamtolea chupa mbele ya mzee na majirani. "Haya, shemeji. Wewe ndiye uliyeapa. Waonaje?"

Akaitikisa kwa nguvu, kama mtu anavyotikisa kibuyu asikie kama kinachemka. Mashapo yakapanda, ndani kukawa tope. Akainusa kwenye kizibo. Kina mama walikuwa wamejaa mlangoni, akashindwa kusema kwamba hajui.

"Bado," alisema kwa sauti ya daktari. "Bado kidogo."

Godoro akaliacha kwa Mzee Nikodemu.

Ndivyo tulivyoishi. Kila msimu wa dagaa ukiisha alikuja, akaitikisa, akaona weusi, akasema bado. Mungu ananisikia, baada ya siku ile ya matanga mimi sikusema tena kwamba haijaiva. Niliuliza tu. Naye kila alipoondoka maneno yalikuwa makali zaidi.

"Unanyonya nyumba ya kaka yangu kama kupe."

"Kupe hukaa kwenye ng'ombe, shemeji. Hapa ni bati na tofali."

Siku moja alikata migomba yangu yote, mikubwa na machipukizi, akaiacha imelala uani. Nikafyeka nikapanda mihogo.

Kisha Warundi wakaanza kuvuka. Mji ukajaa magari meupe na watu wenye vifurushi, na kila kilichopotea, kiwe kuku au sufuria, tulisema amechukua mkimbizi. Sikuwa bora kuliko wengine. Asubuhi ya siku ile ninayoisimulia, mmoja alisimama kwenye uzio wangu. "Mwiriwe, mama," alisema, salamu ya kwao ya jioni, amekosea saa kwa uchovu, akaomba maji. Nikamwambia kisima changu si cha kambi.

Alasiri, huyohuyo ndiye aliyeingizwa na Feliksi sebuleni kwangu. Bonifasi, mbeba magunia ya dagaa ufukweni Kibirizi, zamani mhudumu wa hoteli kubwa Bujumbura. Aliniona, akanitambua. Nami sikujua ndani ya chupa kuna nini. Ilikuwa imepita miaka tangu nithubutu kutazama ukingo wake. Kama ulikuwa bado wa mawese, nimekwisha. Na hata kama sivyo, ulimi wa mtu niliyemnyima maji ungeweza kuufanya wa mawese.

"Sema basi," Feliksi alirudia. Akaunyoosha mkono aitikise. Bonifasi akamshika kifundo.

"Hapana, bosi. Hii si urwarwa, si pombe ya ndizi."

Akaomba kisu na glasi. Kizibo kilitoka vipande vipande. Akamimina polepole, na kilichoshuka kilikuwa chai ya rangi. Akaonja, akaenda mlangoni akatema mavumbini. Kisha akanitazama, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hii divayi ilishafika," alisema. "Ikapita. Miaka miwili, labda zaidi. Sasa ni siki."

"Imepita lini?" Feliksi aliruka. "Nani alikuwa akiitazama?"

"Wewe," alisema Mzee Nikodemu. "Tulikusikia sote. Bado. Bado kidogo."

"Mzee, huyu mwanamke..."

"Aliapa huyu mwanamke? Pombe iliyolala haifungi neno, Feliksi. Pitia kwangu uchukue godoro lako, limenijazia kunguni."

Feliksi alichukua ile glasi akaimwaga miguuni pangu. "Utakufa peke yako humu."

"Kila mtu hufa peke yake, shemeji. Nisalimie Leonia." Leonia ndiye mke wake.

Walipoondoka, Bonifasi alibaki kwenye uzio. Nilimpelekea kata ya maji. Sikumwomba radhi, naye hakunipa asante. Alikunywa yote, akafuta mdomo.

"Ilikuwa divayi nzuri sana, mama. Hata ikiwa imekufa unasikia. Mtu angeijua siku yake..."

"Rudisha kata," nilimwambia.

Siku yake niliijua. Ilikuwa Kwaresima, miaka kabla ya huyo Bonifasi kuvuka. Feliksi alikuwa hajaja kwa muda, mashapo yalikuwa yametulia. Nilitoka kwenye Njia ya Msalaba, nikaitoa chupa mchangani, nikakaa nayo mlangoni jua likishukia milima ya Kongo. Niliinamisha shingo. Pale pembeni, kwa upana wa ukucha, palikuwa na rangi ya mawese mapya, safi, kama yanavyotoka kukamuliwa. Kikombe kilikuwa kabatini, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Lakini chupa tupu Feliksi angeiita chupa iliyoiva, na ningemjibu nini mbele ya wazee?

Nilisikia kama Pastory anasema, hapo inataka kunywewa.

Nikaitazama hadi mwanga ukaisha. Kisha nikailaza tena.