Kitabu cha Tano

Kitabu cha nne Ruqayya hakukiweka kando, alikitupa. Kiligonga ukuta wa jikoni, kikaangukia juu ya viatu vya theluji vilivyokuwa vinakauka mlangoni, kikabaki hapo kifudifudi. Watoto wake wawili, Faiz wa miaka tisa na Aaliyah wa miaka saba, walikitazama kitabu, wakamtazama mama yao, kisha wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kwenda kukiokota.

Mezani mbele ya Faiz palikuwa na karatasi za kujipima. Mtihani wenyewe, ule ambao watoto wanaosomeshwa nyumbani hufanya kila mwaka, ulikuwa umebakiza wiki chache. Swali la kwanza lilimtaka aunganishe sentensi mbili ziwe moja. La pili lilimtaka arekebishe makosa. La mwisho lilimtaka aandike aya kuhusu siku aliyoifurahia. Faiz hakuunganisha, hakurekebisha, wala hakuandika. Alichofanya ni kupiga mstari chini ya maneno, ukurasa baada ya ukurasa: mbwa, dada, mto, Jumatatu, furaha. Kazi safi, mistari imenyooka. Kisha akaweka penseli chini akangoja kusifiwa.

"Nini hii, Faiz?"

"I did it, Mama."

"Umefanya nini? Umeulizwa nini, na wewe umefanya nini?"

Faiz akainamisha kichwa. Ndiyo kawaida yake akikaripiwa, hutazama magoti yake mpaka dhoruba ipite. Ruqayya akashika tama. Alihisi roho inamtoka, kwa sababu alijua kinachofuata, na mnaomwona mkali mngemwelewa kama mngekijua na nyinyi.

Faiz alikuwa amesoma shule ya jirani, hapa Plymouth, kitongoji cha Minneapolis, akipandishwa darasa kila mwaka bila kuweza kuandika sentensi tatu zinazofuatana. Baba yake, Uthman, ambaye ana duka la nguo na manukato mjini Minneapolis kwa ubia na kaka yake, akakata shauri kwamba mtoto apelekwe Mombasa. Akakae kwa bibi yake, Bimkubwa, asome alikosoma baba, penye nidhamu. Ruqayya alilia, akagoma kula, na mwishowe akaweka ahadi. "Nipe mwaka mmoja, Baba Faiz. Nitamsomesha mwenyewe humu nyumbani. Kinachomshinda ni sarufi ya Kiingereza, na Kiingereza mimi nilikuwa naongoza darasa zima." Maneno hayo aliyasema siku ya Idi, nyumba imejaa watu, wifi zake wote wakisikia. Uthman akakubali. Mwaka mmoja, na mtihani ukienda vibaya, Faiz anaondoka kiangazi. Wifi nao, kama ilivyo desturi ya wifi, hawakusahau hata neno moja.

Basi ikabaki kuchagua kitabu. Kazi ndogo, au ndivyo alivyodhani. Cha kwanza kilikuwa kinene, cha kuchora sentensi kwa mistari na matawi, na kilisifiwa na kila mtu kwenye kundi la akina mama la WhatsApp. Faiz alipolia siku mbili mfululizo, mama mmoja wa Eden Prairie akaandika kwamba watoto wa siku hizi hawataki mistari, wanataka nyimbo. Kikaja cha nyimbo. Nyimbo zikamchosha, kikaja cha hadithi za bundi mwenye miwani. Bimkubwa aliposikia habari hiyo kwenye simu aliuliza kama wanyama wote wamekwisha duniani hata mjukuu wake afundishwe na bundi. Cha nne kilikuja na video za kijana mchangamfu aliyevaa tai ya kipepeo. Na kila kitabu kilipoingia, Ruqayya alikifungua ukurasa wa kwanza kabisa, hakuruka hata mstari, kwa sababu alitaka msingi ushike. Mtoto akinuna kidogo tu, yeye hakulala kwa wasiwasi. Alikuwa na mwaka mmoja, na kitabu kibaya kingeweza kuula wote.

Sasa mwaka ulikuwa umeliwa. Alimpigia Serah simu huku analia. Serah ni muuguzi, Mkenya mwenzake anayekaa Anoka, naye husomesha wanawe nyumbani.

"Aki Mama Faiz, usilie hivyo," Serah akasema. "Sikia. Jumamosi kuna sale ya vitabu huku kwetu, zile watu wamemaliza kutumia. Kuna table mingi, huwezi kosa ya Faiz. Kuja na watoto."

"Wapi?"

"Kwa gym ya kanisa."

"Kanisani, Serah?"

"Ni gym tu, mama. Hakuna mtu atakubatiza."

Jumamosi akawapakia watoto garini, wakaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama wenye sketi ndefu ambazo hata Bimkubwa angezipongeza, kila mmoja na msururu wa watoto nyuma, na meza zimeinama kwa uzito wa vitabu. Ruqayya alipita meza hadi meza akisoma migongo ya vitabu. Kila jalada lilionyesha mtoto anayetabasamu. Alikuwa akisema chini kwa chini, ewe Mola wangu, nionyeshe kilicho changu, na mama mmoja aliyekuwa karibu akadhani anasemeshwa, akasogea kumpisha.

Akakipata kwenye meza ya mwisho. Kitabu chekundu, kikubwa, chenye mazoezi mengi na majibu nyuma. Alipokishika akahisi moyo unatulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Mwenye meza, mama wa Kizungu mwenye mvi na sauti ya upole, akajitambulisha kuwa anaitwa Susan, akasema wanawe watano wote walikipitia.

"Ni kwa huyu kijana?" Susan akauliza kwa Kiingereza. "Vipo vya madaraja matatu. Amefika wapi, nikupe kinachomfaa?"

Ruqayya alifungua mdomo ajibu, lakini Susan alikwishamgeukia mtoto mwenyewe. "Niambie, mpenzi, umejifunza nini mwaka huu?"

Na Faiz, ambaye huwezi kumtoa neno mbele ya mgeni, akanyoosha mgongo. "A noun names a person, a place, a thing or an idea," akasema. Akameza mate, akaendelea na maelezo ya kitabu cha pili, ya kuimba, akaimba mpaka mwisho huku akijipigia makofi. Akatoa ya bundi kwa sauti ya bundi. Akamaliza na ya kijana wa tai, pamoja na namna yake ya kunyoosha kidole. Mara nne alieleza nomino ni nini, mara zote sawasawa, bila kukosea hata herufi. Watu wa meza ya jirani wakacheka kwa furaha, Susan akampigia makofi.

"Ajabu! Na vitenzi?"

Faiz akamtazama mama yake.

"We don't have verbs," Aaliyah akasema, akimsaidia kaka yake. "We do nouns, and then Mama gets a new book."

Susan akacheka tena, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. "Oh, mpenzi wangu," akasema, sasa akimwambia Ruqayya, "lakini vyote vinaanza na nomino."

Ruqayya alikirudisha kile chekundu mezani. Alikirudisha taratibu, akakinyoosha kikae sawa na vingine, akashukuru, akawashika watoto mikono akatoka nao. Serah, aliyekuwa meza ya pili na kusikia yote, akamfuata mpaka kwenye maegesho.

"Mama Faiz, ngoja. Hujanunua?"

"Serah, mwanangu nimemfundisha ukurasa mmoja mwaka mzima." Akawaingiza watoto garini, akafunga mlango. "Zile karatasi za kujipima alipiga mistari chini ya nomino zote. Zote, Serah! Hakuacha hata moja. Nami nikamkaripia, nikasema hajui kitu."

Serah alimkumbatia, pale kwenye baridi, mpaka Aaliyah akagonga kioo cha gari kutoka ndani.

Wakashika barabara ya 169 kurudi nyumbani, wakavuka mto. Ruqayya aliendesha na machozi yakimtiririka, lakini ndani yake kitu kilikuwa kimefufuka. Kumbe mtoto si mzito! Kumbe kinachoingia kichwani mwake hakitoki! Kitabu cha kwanza, kile kinene, kilikuwa bado kwenye sanduku chini ya kitanda. Watakifungua leo hii, sura ya pili, na kesho ya tatu. Wiki chache zinatosha, kwa nini zisitoshe? Uthman ataona. Wifi wataona.

"Faiz, mwanangu, nisamehe," akasema huku akimtazama kwenye kioo. "Nilikosea mimi, si wewe. Sikiliza, huendi Mombasa. Wallahi huendi popote. Hakuna wa kukutoa mikononi mwangu."

Walipita taa moja, wakapita nyingine.

"Mama," Faiz akasema mwishowe, "I told Baba I want to go."

"Ulimwambia nini?"

"To Bibi's. I asked him."

"Lini?"

"Wakati wa bundi." Hilo alilisema kwa Kiswahili, akijitahidi, kama anayempa mama yake zawadi ndogo. Kisha Kiswahili kikamwishia. "Bibi said over there it's one book. Everybody has the same one. And they finish it."

Kitabu kimoja, na wanakimaliza. Ruqayya aliyarudia moyoni maneno hayo mpaka akapitiliza njia yake ya kutokea, ikambidi azunguke. Miezi yote aliyokuwa akipigana na mumewe, na mtihani, na wifi, na kalenda, aliamini mtoto yuko upande wake, amemshika nguo kwa nyuma, anaomba asiachiliwe. Kumbe mtoto alikwishaomba njia. Aliumia namna ambayo hakuwahi kuumia, hata siku aliyozikwa baba yake naye yuko huku ng'ambo hawezi kusafiri.

Uthman walimkuta nyumbani, anatoka kuswali Adhuhuri. Ruqayya hakuvua hata koti.

"Kumbe ni yeye aliyekuomba?"

Uthman akawatazama watoto, akaelewa. "Nilimwambia angoje mtihani," akasema. "Nilifikiri moyo wake utageuka."

"Na mimi ukaniacha nikuchukie wewe!"

"Bora mimi, Mama Faiz. Ungefanya nini kama ungejua ni yeye?"

Ruqayya aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku, akatoka na kitabu kinene kimejaa vumbi. Akakiweka mezani mbele ya mumewe, na maneno yakamtoka yote pamoja. "Achana na mtihani. Sitaki tena kusikia habari ya mtihani. Nipe kitabu hiki kimoja, kimoja tu, mpaka mwisho wake. Halafu kama bado anataka kwenda, mimi mwenyewe nitamfungia sanduku la nguo."

"Usiniombe mimi," Uthman akasema kwa upole. "Muombe mwenyewe."

Hapo ndipo Ruqayya, aliyekuwa akiongoza darasa zima, akamwomba mwanawe wa miaka tisa. Faiz alikipima kitabu kwa macho, akakigeuza aone unene wake, akafungua ukurasa wa mwisho akasoma namba yake.

"Until the end? And then I can go?"

"Ukitaka, mwanangu. Ukiwa bado unataka."

"Okay."

Alisema hivyo tu. Akavuta kiti. Ruqayya akakaa ubavuni pake, koti bado mwilini, akaruka sura ya kwanza yote kwa mkono mmoja, akamfungulia ya pili. Tumaini lake lilikuwa dogo lakini lilikuwa wazi. Mtoto akikaa naye mezani siku nyingi kiasi hicho, bila machozi, bila kitabu kutupwa, huenda akasahau alichoomba. Huenda siku moja akainua kichwa akakuta hapa napo ni mahali pa kumaliza mambo.

Faiz akaanza. Alisoma maelezo kwa sauti, akafanya zoezi la kwanza, akafanya la pili, akakosea mahali, akarekebisha mwenyewe, akafungua ukurasa. Aaliyah akasogea kutazama. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyenuna. Penseli ilikwenda mbio, na kabla chai haijachemka mtoto alikuwa kwenye sura ya tatu bila kuambiwa na mtu, akisoma kwa pumzi moja, kidole kikitangulia mbele ya maneno.

"Polepole, mwanangu," Ruqayya akamwambia. "Kitabu hiki hakiendi popote."

Faiz hakupunguza. Labda alikuwa hamwamini, alikuwa anawahi kabla kitabu hakijabadilishwa. Labda alikuwa anakwenda kwa bibi yake. Mama yake alimtazama usoni atambue ni lipi, akashindwa, na hakuwa na ujasiri wa kumuuliza. Aliziangalia kurasa zilizobaki chini ya mkono wa mtoto, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaona kitabu ni chembamba mno.