Mashuka ya Wodini

Bi Mkaa aliujaza mkebe hadi juu, akausawazisha kwa kiganja, kisha badala ya kuumimina kwenye ndoo ya Dobi akauweka chini, karibu na mguu wake.

"Leo nataka na ile ya zamani," alisema.

Dobi alikuwa ameshanyoosha mkono wenye pesa ya mkebe mmoja. Mkono ukabaki hewani. Nyuma yake walisimama wateja wawili, nao, kama watu wote wanaosikia deni la mwenzao likitajwa, wakaanza kutazama pengine.

Dobi akamvuta Bi Mkaa kando, akamweleza tena yale aliyokwisha kumweleza. Kwamba madeni yake yote, la kwake Bi Mkaa, la benki, la muuza sabuni na la yule aliyemkopesha mashine, yamekusanywa mahali pamoja. Kwamba umeandikwa mpango wa kulipa kidogo kidogo, na kila mdai ameletewa ili aseme ndiyo au hapana. Na kwamba mpaka jibu litoke, yeye haruhusiwi kumlipa mmoja akamwacha mwingine. Akithubutu, na mmoja wao akanusa, mpango unakufa, na duka na vyote vilivyomo vinapigwa mnada.

Bi Mkaa alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, na kwa miaka mingi alimpa Dobi mkaa wa pasi na wa kuchemshia maji kwa kumwamini tu. Mumewe amelazwa, alisema. Tumbo. Wamempasua na kumshona, na kila kukicha kuna kitu cha kununua.

"Kwa hiyo pesa ya leo unayo," alisema. "Ya jana ndiyo huna."

"Dada, si kwamba sina. Sina ruhusa."

"Basi na mimi wakiniuliza nitasema hapana. Hiyo ruhusa ninayo."

Akamimina mkaa ndooni, akapokea pesa ya mkebe mmoja, akamgeukia mteja mwingine.

Duka la Dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye mlango mbele na ua nyuma. Mashine mbili kubwa za kufulia zilisimama ukutani, zimefunikwa turubai. Alizikopa pale nyumba ya wageni ya jirani ilipompa mashuka yake yote. Alipiga hesabu, akaona mambo yamekaa sawa. Halafu nyumba ya wageni ikapata mwenyewe mpya, naye akaja na mashine zake. Mashuka yakakoma kama bomba lililofungwa. Umeme ukakatwa. Dobi akarudi kwenye beseni, na magoti yake, yaliyokwisha kuzoea kusimama, yakajifunza upya kuchuchumaa.

Kufua alikuzoea. Simu ndiyo iliyomchosha. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni isilowe, na kila ilipolia alikurupuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaikamata; kumbe ni mteja anauliza kama koti lake liko tayari. Ilipokaa kimya ilikuwa mbaya zaidi. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Chakula alikila kwa sababu kimewekwa mbele yake. Wiki ile aliunguza kola ya shati la mwalimu, yeye ambaye watu walimletea vitambaa walivyoviogopa hata kuvigusa, na akasimama na pasi mkononi akiangalia ile alama ya hudhurungi kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

Mkewe hukaa mlangoni akipokea nguo na kushona vifungo. Dobi alipomsimulia habari za Bi Mkaa, alimalizia kwanza kifungo alichokuwa nacho. Akakata uzi kwa meno. Akasema yeye ameona furushi la mashuka chini ya benchi la mkaa. Hospitali ile inataka kila mgonjwa aletewe mashuka yake, safi, kila siku.

"Sasa yule anafua saa ngapi, na mkaa anauza saa ngapi?" alisema. "Tena mashuka meupe, kwa mikono ile."

Dobi akaendelea kupuliza makaa ya pasi.

"Kulipa tumekatazwa," mkewe akaendelea. "Kufua je?"

Lilikuwa swali jepesi, lakini Dobi alikuwa amefika mahali ambapo hata kupiga chafya aliogopa isije ikaharibu mpango. Akampigia Msimamizi, yule dada wa ofisini aliyeuandika mpango na kuwapelekea wadai. Msimamizi alidhani ameulizia jibu, akawahi kumwambia bado, benki imekubali lakini muuza mashine hajasema lolote. Dobi akakohoa, akamuuliza kama mtu anaweza kumfulia bure mtu anayemdai.

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Mzee, unamfulia kama mdai wako au kama jirani?"

"Kama jirani. Mumewe anaumwa."

"Basi kazi hiyo usiipigie hesabu, wala asiikate kwenye deni. Fua tu." Halafu, kwa sauti ya mtu ambaye naye amechoka, akaongeza kwamba tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuulizwa swali kama lile.

Jioni hiyo Dobi akaenda kusimama mbele ya benchi la mkaa, bila ndoo.

"Nipe mashuka," alisema.

Bi Mkaa alimkazia macho. "Unanunua kura yangu?"

"Wewe sema hapana yako, dada. Mimi nataka mashuka."

Bi Mkaa alimpima kwa macho. Kisha akainama, akalivuta furushi, akamtupia kifuani.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni furushi chafu linakuja, asubuhi linarudi limenyooshwa na kukunjwa. Hawakuongea. Dobi hakuuliza habari za mgonjwa, maana aliziona mwenyewe. Mashuka ya mwanzo yalikuja na damu, akayaloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, kwa kuwa maji ya moto huipika damu ikang'ang'ania. Yalikuja na alama za dawa rangi ya kutu, na jasho la homa lililochora mgongo mzima wa mtu, mabega mpaka kiunoni. Baadaye mgongo ule ukaanza kufifia. Doa la mshono, pale ubavuni, lililokuwa upana wa sahani, likapungua likawa kama kifuniko cha chupa. Mkewe akipita uani alimkuta ameliinua shuka kwenye jua la jioni, analikagua, uso umelegea kidogo.

Halafu siku moja likaja shuka lenye doa pana la manjano, lenye harufu iliyomfanya ageuze uso. Alilifua mara mbili. Hakumwambia mkewe.

Kesho yake furushi halikuja.

Na kesho yake tena benchi la mkaa lilikuwa tupu, limefunikwa gunia. Dobi alifua nguo za watu akiwa ameelekea barabarani. Kila mwanamke mpana aliyetokea kwenye kona alimfanya asimamishe mikono. Ilikuwa karibu mchana alipogundua kwamba tangu aamke hajaitoa simu mfukoni hata mara moja, na hapohapo, kama iliyosikia, ikalia.

Mikono ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Mkewe akaja mbio, akaichomoa, akamshikia sikioni.

Msimamizi alisema wameafiki. Muuza mashine amekubali kuzichukua mashine zake na kufuta sehemu ya deni. Lililobaki litalipwa kidogo kidogo, miaka mingi, na duka halitaguswa. Mmoja tu amesema hapana, mwenye sehemu ndogo, na hapana yake haikuzuia kitu. Dobi akashukuru. Akashukuru tena. Simu ilipokatika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimtazama mkewe, akamweleza kwa maneno machache, na mkewe akarudi kwenye kiti chake, akachukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa tena.

Hakuna aliyecheka wala kupiga kigelegele. Furaha ilikuwa imefika kama mgeni anayefika watu wameshakula: walifurahi kuiona, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kuipikia.

Jua lilikuwa linashuka Bi Mkaa alipotokea kwenye kona na furushi mara mbili ya yale ya kawaida. Alipita dukani mpaka uani, akalitua.

"Nilisema hapana," alisema, kabla hata ya salamu.

"Nimeambiwa."

"Nilikuambia nitasema."

"Uliniambia." Dobi alilitazama furushi, hakuligusa. "Mgonjwa?"

"Walimrudisha ndani wakampasua upya. Nimelala palepale sakafuni." Akavuta pumzi. "Leo asubuhi amekaa kitandani. Akaniuliza, kama wewe uko hapa, nani anauza mkaa?"

Mkewe Dobi akasogeza kiti, lakini Bi Mkaa hakukaa. Alikwenda bombani, akanawa kwa sabuni mpaka juu ya viwiko, akarudi na kusimama kando ya beseni, akingoja. Dobi alikuwa ameshaanza. Alilowesha, akafikicha, akasuuza maji ya kwanza na ya pili, na alipoliinua shuka la kwanza likichuruzika, Bi Mkaa akainama akaushika upande wa pili.

Wakarudi nyuma, kila mmoja kwake, mpaka shuka likanyooka katikati yao. Dobi akasokota kulia, yeye kushoto.

"Kaza," Bi Mkaa alisema.

Maji yakaanguka, kwanza kwa mkondo, halafu matone, na wote wawili wakaendelea kukaza.