Kasha la Futi Arobaini

Bi Mgeni, mama mkwe wangu, ndiye aliyeanza. Alishusha shoka, kinu chake cha mninga kikapasuka vipande viwili, naye akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Kinu kikibaki," alituambia, "mashine ikikohoa siku moja tu, wanaume watasema rudini mkatwange."

Nani angembishia? Sisi wanawake wa Ziwani tulikuwa tumeisubiri mashine ya kusaga tangu tulipohamishiwa kijijini. Asubuhi hiyo mume wangu, Fikirini, anayeendesha winchi za meli bandarini Mtwara, alikuwa ametuma salamu: meli imefunga gatini, mashine yenu imo ndani ya kasha la chuma. Basi tukapasua vinu vyote, tukavipikia pilau. Mabega yangu yalikuwa yamekwisha kwa kutwanga makopa ya muhogo, na kinu changu sikukionea huruma hata kidogo.

Kesho yake tukapanda lori la kijiji, tukapiga vigelegele njia nzima. Kasha tuliliona kwa mbali, jekundu, refu kuliko msikiti wetu, limelala juu ya meli. Fikirini akashuka ngazi bila kunitazama usoni.

"Mama Mwaisha, halishuki."

"Halishuki vipi, nawe ndiye mshushaji?"

"Haya makasha yana saizi. La futi ishirini winchi zetu zinaliweza. Hili ni la arobaini, na limejazwa mpaka mlangoni. Tumejaribu asubuhi, waya ukaanza kukatika."

Bi Mgeni akafunga kanga kiunoni. "Lifungueni hukohuko juu, mwanangu. Mashine tutaibeba wenyewe."

"Mlango uko upande mmoja tu, mama, na kasha la nyuma limeubana. Yapo mengine yaliyo wazi juu, hufunikwa turubai. Lingekuwa la namna hiyo, tungeteremsha kamba tukaitoa. Hili lina bati juu, chini na ubavuni."

Waliopakia huko kwao walikuwa na kreni kubwa, wakadhani kila bandari inayo. Nilitamani nimpate mmoja wao nimpe mchi atwange mpaka jua lizame! Lakini nilikuwa nani? Nilisimama pale gatini, mikono mitupu, mashine yetu iko hatua chache mbele ya pua zetu.

"Sasa itakwenda wapi?" niliuliza.

"Bandari yenye kreni. Irudi kwa barabara, masika ikiisha."

"Ikiisha lini?"

Fikirini akapanda tena ngazi. Meli ikafungua kamba alasiri ileile. Bi Mgeni aliita, "Jamani, ngojeni!" kama mtu aliyeachwa na basi, na hakuna aliyegeuka.

Asubuhi kijiji kilikuwa kimya, hakuna mchi uliolia. Makopa yalijaa kwenye mikeka na watoto walitaka ugali. Nikajitwisha beseni, nikameza aibu, nikaenda kijiji cha jirani kwa Salma, shoga yangu, kuazima kinu.

Nilimkuta mlangoni, naye kajitwisha beseni la makopa, anatoka.

"Afadhali umekuja kunipokea," alisema. "Mashine yenu inasaga vizuri?"

"Salma, nimekuja kuazima kinu."

Akalitua beseni taratibu, akatazama jikoni kwake. Mafigani kulikuwa na kipande cha kinu cha mninga kilichoungua nusu.

"Si tulisikia yenu imefika," alisema.