Koti Lisilo na Kitanzi

Leokadia alikuwa na hadithi moja tu ya kujivunia, na kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lake aliisimulia, keki ya jibini ikiwa mezani: kwamba usichanani mwake mchoraji Zenon Wilkosz alimchora. Kwa miaka thelathini na nane wifi yake, Genowefa, alimjibu neno lilelile: "Mwongo!"

Sasa mchoro wenyewe ulikuwa umetundikwa kwenye jumba la sanaa ya kisasa hapa mjini Łódź, Poland, na asubuhi mawifi hao wakashuka kwenye tramu, wamejipodoa haswa.

"Nikikuona humo, nakupigia magoti," alisema Genowefa. "Nisipokuona, hadithi tunaizika leo leo."

"Anza kuyanyoosha hayo magoti," Leokadia alimjibu.

Mlangoni bibi wa kutunza makoti ya wageni alilipindua koti la kale la Leokadia, akafoka: "Halina kitanzi ukosini! Nilitundike wapi, puani?"

Yaleyale! Tangu ujana wake kila mtunza makoti alimgombeza kwa kitanzi hicho, naye hakujua kilipotelea wapi. Leo hakuwa na subira. Alilibwaga koti mezani akapanda ngazi mbio.

Na huko juu, lo! Pembetatu za kijani, duara moja jeusi, na kipande chembamba cha kitambaa chekundu cha mirabamiraba kimegundishwa kwenye kona. Chini yake pameandikwa: Msichana wa Machi.

"Pua iko wapi?" aliuliza Genowefa.

"Ngoja, natafuta."

"Na hili duara ni nini, wifi? La, usinitajie!"

Genowefa alicheka mpaka akataka kushika ukuta, mlinzi akamkemea. Leokadia naye kicheko kikamponyoka, huku machozi yakimlenga. Kusema kweli, hata yeye hakujiona. Alikumbuka chumba cha mchoraji chenye baridi tu, na koti lake likining'inia kwenye msumari. Ilimuuma, maana bila hadithi hiyo angebaki nani? Mjane wa Bogumił, basi.

Mara vishindo ngazini. Bibi wa makoti huyo, anahema, koti mkono mmoja, sindano na uzi mkono wa pili.

"Wewe mama! Ulidhani utanitoroka? Nitakishona mwenyewe!"

Akafunua ukosi. Bitana ilikuwa nyekundu, ya mirabamiraba, na pale pa kitanzi palibaki ncha mbili za kitambaa hichohicho, zilizokatwa kwa mkasi.

Kicheko cha Genowefa kilikatika. Alilinyakua koti, akautazama ukosi, akaitazama kona ya mchoro, akautazama ukosi tena.

"Mama yangu wee," alisema. "Wilkosz alikikata, yule mwizi!"

Akapiga magoti palepale sakafuni, magoti yake mabovu, akapaza sauti chumba kizima kisikie: "Jamani, njooni! Huyu ni wifi yangu! Pembetatu zote hizi ni yeye!"

Leokadia alijaribu kumwinua, wakaanguka wote wawili, wakacheka hadi mlinzi naye akashindwa kujizuia.

"Haya, tulieni," alisema bibi wa makoti, akitunga uzi. "Leteni hilo koti nishone."

"Thubutu! Ncha hizi haziguswi!" alipiga kelele Genowefa, akalikumbatia koti kifuani.