Zamu ya Joachim

Minza aliisikia randa kabla hajaiona karakana. Ilikwaruza ubao mara tatu, ikanyamaza. Ikakwaruza mara moja, ikanyamaza tena. Alisimama nje, kwenye vumbi la msonobari la Mafinga, akaupima ule ukimya. Ulikuwa mrefu kuliko wa wiki tatu zilizopita, na alijua umesababishwa na nini.

"Hodi."

"Kamwene, dada. Umekuja kuyafuata?"

"Nimekuja kuyafuata, kaka. Daktari anaanza saa nne."

Joachim alikuwa ameegemea mlango aliokuwa akiulainisha, mkono mmoja ubavuni.

Walikuwa wamebaki wagonjwa watano, wa Iringa na Mbeya, wenye saratani moja ya tumbo ambayo manesi wengi hawakuwahi kuisikia. Walikutana kila mwezi hapo karakanani kwa sababu ni karibu na hospitali na viti havikosekani. Mwanzoni walipeana habari tu: chakula gani kinakaa tumboni, vidonge vimefika au havijafika. Baadaye wakaanza kubebeana maumivu, kama watu wanavyolimiana mashamba, leo kwako, kesho kwangu. Aliyetaka kupumzika alimpa mwenzake mkono, na maumivu yakahama. Marta, mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu wao, aliandika zamu kwenye daftari. Shida ilitokea mara moja tu, Gerson wa Makongolosi alipofariki huku Marta akiwa amembebea ya kwake. Maumivu ya marehemu hayakuwa na pa kurudi. Marta anayo mpaka leo, humshika akiinama kufunga viatu.

Safari hii zamu ilikuwa ya Joachim. Minza alimwachia ya kwake ili apandikize mpunga Ubaruku, akainama majini wiki tatu bila kusikia kitu.

Lakini vidonge vilikuwa vimekuja makopo manne tu, kopo moja kwa mgonjwa mmoja. Walioagiza walisema ugonjwa wa watu wachache hauna haja ya hesabu kali. Tangazo la hospitali lilieleza kwamba watapewa wanaoumwa zaidi.

"Nirudishie, kaka."

"Yamechanganyika," alisema Joachim. "Siyajui tena yapi yako, yapi yangu. Kukupa yote naweza. Nusu siwezi."

"Nikiyachukua yote, wewe utaingia na nini?"

Joachim akapuliza vumbi juu ya mlango. Minza aliurudisha mkono wake nyuma.

"Daktari atapapasa," alisema. "Uvimbe upo. Hauwezi kujificha."

Hospitalini aliitwa wa kwanza. Nesi akamwambia ataje namba ya maumivu yake, kuanzia sifuri mpaka kumi. Minza alitaja tisa. Daktari bingwa, ambaye huja kila baada ya miezi mitatu, akambonyeza tumbo huku akimtazama usoni. Uso haukubadilika. Akabonyeza tena, kwa ngumi. Nje, kwenye benchi, Joachim alijikunja mara mbili. Minza alikumbuka kukunja uso, akachelewa.

"Mama, unaigiza," alisema daktari, akaandika sifuri.

Joachim alipoingia, wa mwisho, alitaja kumi na nne.

"Mzee, kumi ndiyo mwisho," alisema nesi.

"Basi andika kumi. Hizo nne nitatoka nazo."

Alitoka na kopo. Marta alikuwa na lake, na wale wengine wawili walishaondoka na ya kwao. Joachim hakukaa. Alimnyooshea Minza mkono.

"Leta mkono. Chukua yote, rudi ndani wakupime upya, waagize kopo la tano."

Safari hii Minza aliupokea, lakini kabla vidole havijafumbata nesi alitoka na funguo. Alisema orodha imefungwa, daktari anawahi Mbeya, kliniki nyingine ni baada ya miezi mitatu. Gari likasikika likiwaka nyuma ya jengo. Joachim akaondoa mkono taratibu, maumivu yote yakiwa bado kwake. Yangemfaa nani sasa?

"Tugawane hivi vyangu," alisema.

"Nusu ya dozi inaufundisha uvimbe kuishinda dawa," alijibu Minza. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, siku ya kwanza nilipokuja."

Marta alifungua daftari, akaandika zamu: Joachim, miezi mitatu. Kisha akamtazama Minza kwa utaratibu, kama alivyomtazama Gerson mara ya mwisho. Joachim aliliona jicho hilo. Kitu kilimvuta ubavuni, akashika ukuta. Ulikuwa ule uvimbe usiokuwa wake, ukikua huko huko tumboni kwa Minza.

"Dada," alisema, "usije ukanifanya kama Mwalimu."

"Mwalimu yupo hapa anasikia," alisema Marta.

Minza alifunga khanga yake kiunoni, juu ya tumbo lisilouma. Alisema kwa sauti, nesi akageuka:

"Nitayafuata mwenyewe, kaka Joachim. Kwa miguu yangu, mpaka karakanani kwako. Sifi yakiwa kwako."