Maharage ya Kwenye Majivu

Marehemu mke wangu, Beata, aliniachia jembe la mpini mfupi na mbegu ya maharage. Jembe nililijua lilipo. Mbegu nayo nilidhani najua ilipo, na hapo ndipo nilipoaibika mbele ya watu watatu na ndoo ya usipa, wale dagaa wa ziwani.

Huku kwetu milimani, upande wa Ukata, shamba la ngolo lina kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke. Mwanamume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa madirisha madirisha. Mwanamke anakuja nyuma yake, anasia maharage juu ya yale majani, anachimba udongo wa katikati ya dirisha na kuyafunika. Akimaliza, mlima una mashimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanatulia humo, hayakimbii na udongo wetu mpaka ziwani. Hakuna mtaalamu aliyetufundisha. Wataalamu wakija wanapiga picha.

Beata alifariki mwezi wa nane mwaka jana, maharage yakiwa yameshavunwa na mbegu ameshaiweka. Tulimngoja wa kumchukua tangu asubuhi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa wakubwa. Viti vilifika salama.

Kwa hiyo mwezi huu wa tatu ulikuwa msimu wangu wa kwanza peke yangu. Majani nilikuwa nimeshayalaza. Jumatatu nilipanga kuchukua jembe lake na kusia mbegu yake mwenyewe, ile aliyoanza nayo tangu tulipooana. Mbegu ya maharage haingoji. Usipoipanda mwaka huu, mwakani inaota mojamoja, mwaka wa tatu haioti kabisa. Nikikosea Jumatatu, maharage ya Beata yameisha duniani. Nilijaribu mashimo manne pembeni ili mkono uzoee, na jirani yangu Joakim akapita, akayatazama, akanipa pole kwa kufiwa na mbwa wanne.

Joakim huyo nimekua naye. Kila Jumamosi alasiri, kazi zikiisha, anakuja kwenye kibaraza changu na mkewe Gertruda, anayebeba kigoda chake mwenyewe kwa sababu anasema vigoda vyangu vina kunguni. Halafu anafika Wendelin. Wendelin ni mtu wa Ngumbo, kule chini ziwani. Alimuoa Katarina, mdogo wake Joakim, akamteremsha kwenye joto, na tangu hapo mlima mzima tunamwita shemeji. Jumamosi anapanda na pikipiki na usipa wake, anauza sokoni, na unaobaki anaumalizia kwangu. Mimi nampa maharage sado moja, yeye ananipa usipa sado moja. Beata ndiye aliyeanzisha hiyo, mimi nimeendeleza.

Sasa sikiliza nilichofanya Jumamosi moja kabla ya ile ya aibu. Nyumbani nilikuwa na maharage ya aina mbili. Chumbani kulikuwa na kiroba kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kanga ya Beata, ndani maharage mekundu, makubwa, yanayofanana yote kama watoto wa shule siku ya kwanza. Jikoni, kwenye uchaga juu ya moto, kulikuwa na chungu chenye maharage ya kila rangi, ya njano, meusi, ya madoa, mengine madogo kama ya kuokoteza, yote yamezama kwenye majivu. Nikajiambia, haya ya kanga ndiyo mbegu, mtu hafungi takataka kwa kanga. Haya ya majivu ni masalia, moto umeyarushia jivu lake. Nikayapepeta, yakatosha sado moja, nikampa Wendelin yote. Sikuona dhambi kubwa. Usipa wake wiki ile ulikuwa na mchanga.

Basi Jumamosi iliyofuata, siku mbili kabla ya kupanda, wakaja wote watatu, tena mapema. Gertruda alikuwa amechemsha mahindi mabichi, Joakim alikuwa na dumu la komoni, ile pombe ya mahindi ya mke wa katekista, na Wendelin aliweka ndoo ya usipa katikati yetu kana kwamba ni mgeni wa heshima. Nilimwona anamtazama Gertruda, Gertruda anatazama mahindi. Sikulifikiria.

Mazungumzo yalianza pale yanapoanzia siku zote. Wendelin aliuliza kahawa iko wapi. Kila wiki anauliza. Anasema amepita katikati ya kahawa kutoka bondeni mpaka mlangoni kwangu, amefika anapewa chai ya rangi, majani yenyewe yametoka mkoa wa watu. Joakim akamjibu kwamba kahawa ni ya wazungu, sisi kazi yetu ni kuichuma, kuikoboa, kuiosha na kuianika, na kungoja watu wa ofisini watuambie ina thamani gani mwaka huu. Mimi nikasema hao watu wa ofisini hawajawahi hata kuokota buni moja iliyoanguka chini. Nikaongeza mengine kuhusu barabara, na daraja, na yule aliyeahidi daraja. Joakim akanisindikizia kila jina kwa kukohoa.

Wendelin naye akatoa ya kwao. Mwaka huu wanaambiwa matundu ya nyavu ni madogo mno, mwaka ujao wanaambiwa ni makubwa mno, na anayesema hivyo akishuka kwenye boti anashikwa mkono kama bibi harusi. Hapo tukaelewana vizuri, tukanywa. Halafu Gertruda akaharibu kwa kumuuliza kama ni kweli watu wa ziwani hula ugali wa muhogo kwa sababu mahindi yanawaogopa. Wendelin akasema mahindi hayawaogopi, ila yakifika kule yanakuta joto, yanavua nguo, yanaona aibu. Huyo ndiye Wendelin. Hana jibu la maana hata moja, lakini hakosi jibu.

Kisha akanigeukia mimi.

"Baba Aidan, mke wangu anakushukuru kwa yale maharage," akasema. Aidan ni mwanangu, yuko Makambako.

Nikamwambia asante, nikajaza kikombe chake bila kuombwa. Mtu mwenye hatia anakuwa mkarimu, hilo nimelijua uzeeni.

Akaendelea kusimulia kwamba Katarina aliyaosha maji matatu na bado yalitoa weusi, mpaka jirani akaja kuuliza kama milimani siku hizi tunapika mkaa. Joakim akacheka mpaka mahindi yakamtoka puani. Nikasema moto wa kuni una majivu yake, na kama wakubwa wangetuletea umeme walioutangaza, maharage yangekuwa safi. Nilijisikia nimejitetea vizuri.

Gertruda akafuta mikono kwenye kanga. Akaniuliza kama kweli nitapanda Jumatatu, nikasema nitapanda. Akauliza kama mbegu ya mwenzake Beata ipo, nikasema ipo, nimeilinda. Akasema tuione basi.

Nikaingia ndani kwa madaha. Nikatoka na kile kiroba nimekikumbatia, nikakifungua fundo polepole, nikachota mkono mmoja, nikauonyesha. Yaling'aa.

Gertruda hakucheka mara moja. Hilo nampa heshima yake. Aliokota punje moja, akaigeuza, akairudisha.

"Shemeji, haya si ya Beata," akasema. "Haya ni yale ya serikali."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Yale mekundu yalitokana na mbegu iliyoletwa msimu uliopita na wale vijana wa mashati ya kola, walioigawa kwa hotuba na kusema tutupe mbegu zetu za kizamani. Beata alipewa kibaba, akapanda kona moja, yakaota majani marefu kuliko mimi na maganda ya kuhesabu. Akayavuna, akasema haya ni ya kuchemsha siku ya wageni, akayafunga kwa kanga ili panya wasiyapate. Mbegu yake mwenyewe aliweka anapoweka kila mwanamke wa mlima huu, kwenye majivu, juu ya moshi, wadudu wasitoboe. Na huwa ni ya mchanganyiko makusudi, mvua ikizidi haya yanaota, ikipungua yale yanaota, mwaka hauwezi kuyaua yote.

"Miaka thelathini na moja uko na mwanamke jikoni," Joakim akasema, "wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia sufuria, nadhani. Mwanamume wa kwetu hapandi kwenye uchaga. Lakini la kunichoma lilikuwa jingine. Mimi, ninayewasema wakubwa kila Jumamosi mpaka komoni inachacha, nilikuwa nimelala miezi saba na maharage yao chini ya kitanda changu, nikiyalinda na panya. Nilitafuta wa kumlaumu. Nilianzia kijijini nikapanda mpaka juu kabisa, na kila niliyemfikia alikuwa na makosa yake mengi, lakini hakuna hata mmoja aliyeingia jikoni kwangu kupepeta kile chungu.

Nikamtazama Wendelin.

"Shemeji. Yale maharage."

"Tulikula," akasema.

"Yote?"

"Jumapili tulikula na samaki mbasa. Jumatatu tulikula yenyewe. Jumanne..." Akakuna kidevu. "Jumanne sikumbuki, nilikuwa majini."

Nikakaa. Kigoda kilikuwa mbali kidogo na nilipodhani, nikakaa chini. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua uso wangu ulikuwaje. Nilikuwa naliona lile shamba, majani yamelazwa, madirisha yote yanangoja, na mimi nikisia humo mbegu ya mashati ya kola juu ya kazi ya Beata.

Wendelin alisogeza ndoo, akainama karibu yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu, akataka nijibu kweli: nilimpa yale maharage kwa sababu gani, na kiroba cha mekundu kilikuwa ndani?

Ningeweza kusema nilikosea. Ilikuwa kweli pia. Lakini Gertruda alikuwa ananitazama, na Gertruda alimwosha Beata kwa mikono yake.

"Nilijua ni mabovu," nikasema. "Ndiyo maana nikakupa wewe. Mazuri niliyaficha."

"Haya, hilo ndilo nililotumwa," akasema Wendelin, akanyanyuka kwenda kwenye pikipiki yake.

Alirudi na mfuko aliokuwa ameufunga nyuma ya kiti chini ya ndoo nyingine tupu ya usipa. Akaniwekea mapajani. Nikaufungua. Ya njano, meusi, ya madoa, na majivu mapya yamenyunyiziwa juu yake.

Mambo yalikuwa hivi. Katarina ni mtoto wa mlima huu. Alipofungua ile sado na kukuta majivu kwenye mikunjo ya mfuko, hakuosha hata punje. Hayo ya maji matatu aliyatunga Wendelin njiani. Katarina aliijua mbegu ile kwa rangi zake, maana Beata aliipata kwa mama yao, yeye na Joakim, siku alipoolewa, na nusu yake aliirudisha tena miaka ile njaa ilipowamalizia ya kwao. Wanawake walikuwa wanapeana ile mbegu huku na huku chini ya pua zetu, sisi tukidhani mazao ni ya kwetu. Katarina akampigia simu Gertruda. Gertruda akamwambia Joakim. Wiki nzima waliyajua, na walikuja mapema ili wasikose. Amri ya Katarina ilikuwa moja: nisirudishiwe mpaka niseme kweli mwenyewe. Mikono miwili ya mbegu alibaki nayo, akaipanda kwenye mchanga wa ziwani kuona kama itaweza joto kama ilivyomlazimu yeye kuliweza. Na badala ya sado niliyomdanganya nayo mumewe, anataka mekundu, kiroba kizima.

Nikampa Wendelin kiroba pale pale. Akauliza kama yanafaa kuliwa. Nikamwambia ni bora, serikali imethibitisha.

"Ila yananuka," nikasema, nikiwa na pua kwenye mfuko.

Yalinuka usipa, hasa. Yalikuwa yamesafiri chini ya ndoo kutoka Ngumbo, na kila kona ya ile barabara, ambayo najua nani alikula hela zake, ilikuwa imeyadondoshea maji ya samaki. Joakim akasema maharage sasa yana kitoweo chake ndani, nikivuna sitahitaji tena shemeji. Hapo wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikamwagia komoni kwenye suruali.

Jumatatu Gertruda alikuja na jembe lake kabla umande haujakauka. Alisema hakuja kunisaidia, amekuja kuzuia nisizike mbwa wengine. Aliniweka mstari mmoja, yeye mstari wa pili, akanionyesha namna ya kusia kwa vidole vitatu na namna ya kuvuta udongo bila kuupiga. Jembe la mpini mfupi linakuinamisha mpaka uso unafika karibu na ardhi. Sikuwahi kujua kwamba Beata aliuona mlima wetu kwa namna ile, kutoka chini.

Tulipofika mstari wa tano nikageuka, nikaona paka watatu wanatufuata, wananusa kila tuta. Mmoja alikuwa ameshaanza kufukua. Nikawa nasia hatua mbili, nakimbiza paka hatua nne, Gertruda ameinamia jembe hana nguvu kwa kicheko.

Na ndipo bwana shamba akapita barabarani na pikipiki yake ya kazi. Akasimama. Akavuta hewa, akavuta tena, akatoa daftari. Akaniuliza kwa adabu, shikamoo kwanza, ni mbolea gani hiyo tunayotumia, mbona hajaletewa taarifa zake.

Nikamwambia ni ya kwetu ya siku nyingi, bado haijafika ofisini. Akaandika.